Baba anataka niache kazi ili tusipoteze msaada wa chuo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watu watano: baba, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Tulikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza na wote tuna kadi za ukaazi wa kudumu. Nina miaka 19. Agosti hii ya 2025 nimeanza mwaka wa kwanza katika chuo cha jimbo, nachukua krediti 12 (kipimo cha mzigo wa masomo) nikielekea kwenye uuguzi, na nakaa nyumbani.

Tangu Januari nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) kwenye nyumba ya kulea wazee, saa 20 kwa wiki, $17 kwa saa. Mwaka ukiisha nitakuwa nimepata kama $17,680. Mwaka jana nilifanya kazi dukani wakati wa likizo tu, nikapata $4,000. Mshahara wa sasa unalipa bima ya gari, simu na vitabu, na kila mwezi namtumia bibi $100. Benki nina akiba ya $3,800.

Mwaka huu nimepewa Pell kamili (ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo), $7,395, na barua ya chuo ilitaja pia Work-Study (mpango wa kazi za wanafunzi) ya $2,400 ambayo sijaigusa. Sasa tunatakiwa kujaza FAFSA ya 2026–27 (fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa chuo) na nyumba imegawanyika. Baba ameambiwa na wenzake kazini kwamba mtoto akifanya kazi, kila dola anayopata serikali inaiondoa kwenye msaada wake. Anataka niache kazi kabla hatujajaza fomu. Yeye atafidia kwa kuchukua ovataimu ghalani kila Jumamosi, saa 10, $30 kwa saa. Mapato ya wazazi kwenye kodi ya 2024 yalikuwa $60,400, na mwaka huu yanaelekea $62,000.

Binamu yangu anasema nihamie kwenye kazi ya kusafisha nyumba nilipwe taslimu, au nijaze kwamba najitegemea kwa kuwa mambo yangu mengi najilipia mwenyewe. Na msimamizi wangu kazini anasema nikipunguza masomo hadi krediti 9 atanipa shifti za usiku, tena kampuni itanilipia $1,500 za masomo ya uuguzi.

Sitaki baba akeshe ghalani kwa ajili yangu, ila bila mshahara huu sijui gari litatembeaje. Nifanye nini?

Binti wa Kwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Usiache kazi. Kwa namba ulizonipa, mshahara wako haupunguzi hata dola moja ya Pell ya mwaka huu wala ya 2026–27, na kuna uwezekano mkubwa usiipunguze 2027–28 pia. Vitu vinavyoweza kuwagharimu ni viwili, na vyote nyumbani kwenu vinaonekana kama suluhisho: ovataimu ya baba ikichukua nafasi ya mshahara wako, na zile krediti 9.

Tuanze na miaka, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. FAFSA haiulizi unapata nini leo. Inasoma kodi ya miaka miwili nyuma. Fomu ya 2025–26 ilisoma kodi ya 2023, ulipokuwa bado sekondari. Ya 2026–27 inasoma 2024, yaani zile $4,000 za dukani. Mshahara wa CNA wa 2025 utaonekana kwenye fomu ya 2027–28, na wa 2026 kwenye fomu ya 2028–29, ambayo ukimaliza kwa miaka minne ndiyo ya mwisho kwako. Utakachopata kuanzia Januari 2027 hakitasomwa na FAFSA yoyote ya shahada hii. Kwa hiyo hata ukiacha kazi kesho asubuhi, fomu mnayojaza sasa haibadiliki. Mwaka 2024 umeshafungwa. Mweleze baba hili kwanza, kabla ya hesabu nyingine yoyote, kwa sababu haraka yake yote imejengwa juu ya kudhani kwamba fomu inaangalia karatasi yako ya mshahara ya wiki hii.

Sasa Pell. Tangu mwaka wa masomo 2024–25 kanuni ilibadilika, na ushauri mwingi unaozunguka mitaani bado ni wa kanuni ya zamani. Kwa mwanafunzi anayehesabiwa chini ya wazazi, Pell kamili inaweza kutolewa kwa kuangalia vitu viwili tu: idadi ya watu katika kaya, na mapato ya wazazi yaliyorekebishwa, yale yanayoitwa AGI. Kwenye fomu ya kodi 1040 ya 2024 ni mstari wa 11. Wazazi wawili wakiwa na AGI isiyozidi asilimia 175 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, mtoto anapata Pell kamili. Mzazi anayelea peke yake anaruhusiwa hadi asilimia 225. Mshahara wa mwanafunzi haumo katika kipimo hicho. Hata ungepata $25,000, kipimo hicho hakikugusi.

Weka namba zenu. Kiwango cha umaskini cha 2024 kwa kaya ya watu 5 katika majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii kilikuwa $36,580. Asilimia 175 yake ni $64,015. Wazazi wako walikuwa na $60,400. Wako chini ya mstari huo wa Pell kamili kwa zaidi ya $3,600, kwa hiyo Pell kamili ya 2026–27 mnayo, ilimradi mmalize fomu sawasawa. Kwa 2025 kiwango ni $37,650, na asilimia 175 yake ni $65,887. Mkimaliza mwaka na $62,000, mnabaki chini tena.

Hapo ndipo Jumamosi za baba zinapoingia. Kati ya $62,000 na $65,887 kuna nafasi ya $3,887. Jumamosi moja ya saa 10 ni $300. Jumamosi 12 ni $3,600, bado mko ndani. Ya 13 inafikisha $3,900, na mmevuka kwa $13. Akianza sasa hadi Desemba hatazifikisha nyingi, lakini akiendelea mwaka mzima wa 2026, Jumamosi 50 ni $15,000. AGI itafika kama $77,000, na fomu itakayosoma mwaka huo ni ya 2028–29.

Kuvuka mstari hakufuti msaada wote. Kinachotokea ni kwamba kipimo kile rahisi kinawekwa pembeni na mnaingia kwenye kanuni ndefu inayotoa namba ya SAI, kipimo cha uwezo wa familia kuchangia chuo. Pell yako inakuwa kiwango cha juu ukitoa SAI. Na katika kanuni hiyo mshahara wako sasa unahesabiwa, pamoja na wa wazazi. Kwa maneno mengine, wewe ukiacha kazi ili kulinda msaada na baba akaongeza saa kufidia, mnaweza kuwa mmetupa mapato yasiyoudhuru msaada mkaleta mapato yanayouharibu. Kila dola ya wazazi inayobaki baada ya makato yanayoruhusiwa huhesabiwa kati ya senti 22 na senti 47 kadiri inavyopanda.

Simzuii baba kufanya ovataimu. Kodi ikishakatwa na msaada ukishapungua, bado atabaki na kitu cha maana, na familia ina mahitaji yake. Ninachokataa ni kubadilishana: $17,680 zako zitoke, $15,000 zake ziingie. Na kama ghalani kwao kuna mpango wa akiba ya uzeeni wa 401(k), basi anao mlango mzuri. Pesa inayokatwa kwenye mshahara kabla ya kodi kwenda 401(k) ya kawaida (si ile ya Roth, inayowekwa baada ya kodi) haiingii kwenye AGI, na tangu 2024–25 FAFSA hairudi nyuma kuiongeza. Akiweka $4,000 humo, AGI inashuka $4,000. Akiweka kwenye akaunti binafsi ya IRA na kuipunguza kwenye kodi, hali ni tofauti: ukiingia kwenye hesabu ya SAI, kiasi hicho huongezwa tena. Watu huchanganya hizi mbili na kushangaa.

Njia ya kufuatilia ni rahisi. Achukue karatasi ya mshahara ya mwisho, atazame jumla ya tangu mwanzo wa mwaka upande wa mapato yanayotozwa kodi, si jumla kuu ya juu. Bima ya afya na 401(k) mara nyingi zimeshatolewa hapo. Namba hiyo ndiyo itakayotua kwenye kisanduku 1 cha W-2, karatasi ya mapato ya mwaka anayotoa mwajiri. Mkijumlisha na ya mama, mnajua mko wapi kabla mwaka haujafungwa. Januari ikishaingia hakuna cha kurekebisha.

Tuseme sasa mmevuka, au tuseme msomaji mwingine familia yake iko juu ya mstari tangu mwanzo. Mshahara wa mwanafunzi unauma kiasi gani? Nitatumia vipimo vya 2025–26, kwa kuwa kila mwaka vinasogezwa. Kanuni inachukua mapato yako ya mwaka, inatoa kodi ya mapato uliyolipa, inatoa makato ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya uzeeni) ambayo ni asilimia 7.65, kisha inatoa kiasi kinacholindwa: $11,510. Mwaka mmoja kabla kilikuwa $9,410. Kinachobaki kinagawanywa kwa mbili.

Kwako: $17,680. Toa $1,353 za Social Security na Medicare. Kodi ya mapato ya serikali kuu kwa 2025, ukishaondoa kiasi cha kawaida kisichotozwa kodi cha $15,750, ni kama $193. Toa $11,510. Zinabaki $4,624, na nusu yake ni $2,312. Hiyo ndiyo SAI yako inayotokana na kazi ya mwaka mzima. Kama sehemu ya wazazi ingekuwa $2,000, SAI ingefika $4,312 na Pell ingeshuka kutoka $5,395 hadi karibu $3,085. Ni hasara ya kweli, siipuuzi. Lakini umepata $17,680 na msaada umepungua $2,312: senti 13 kwa kila dola. Wenzake baba waliosema dola kwa dola wamekosea mbali.

Hata ile dola ya juu kabisa, inayopita kiasi kinacholindwa, haichukuliwi yote. Katika dola 1 ya ziada, takriban senti 18 zinakwenda kodini, senti 41 zinaongezeka kwenye SAI, senti 41 zinabaki zako. Kwa mwanafunzi aliye juu ya mstari na anayetaka mshahara wake usidai mchango kabisa, kikomo ni kama $12,460 kwa mwaka kabla ya makato. Kwa $17 ni saa 733, yaani wastani wa saa 14 kwa wiki. Anayeweza kufanya saa nyingi Juni na Julai na chache wakati wa muhula, afanye hivyo. Kanuni inatazama jumla ya Januari hadi Desemba tu. Na atakayefikia mwaka ambao kodi yake haisomwi tena, kwa mfano wako kuanzia Januari 2027, aongeze saa bila woga wa fomu.

Ukiwa na familia ambayo SAI yake iko mbali sana juu ya Pell, tuseme $20,000, hadithi ni nyingine tena: Pell hamna kwa vyovyote, kwa hiyo mshahara wa mtoto unagusa tu mkopo ambao serikali inalipia riba wakati unasoma, na ruzuku za chuo chenyewe. Vyuo binafsi vinavyotumia fomu ya CSS Profile vina kanuni zao, na vingi vinatarajia mwanafunzi achangie kitu kutokana na kazi za likizo hata kama hakufanya kazi. Huko uliza ofisi yao moja kwa moja.

Ushauri wa binamu nitaujibu kwa ufupi kwa sababu hauna pa kushikia. Pesa ya taslimu bila karatasi bado ni mapato na inapaswa kutangazwa kwenye kodi. Fomu yenyewe inaonya kwamba anayedanganya kwa makusudi anaweza kutozwa faini hadi $20,000, kufungwa, au vyote viwili, na mtu mwenye kadi ya ukaazi ana uraia wa kufikiria mbele yake. Isitoshe, kwenu ni hatari isiyo na faida yoyote: nimekuonyesha mshahara wako hausomwi. Umeacha kazi ya CNA yenye W-2, uzoefu wa kuombea uuguzi na mchango wa Social Security, umepata nini?

Kuhusu kujitegemea, kujilipia hakumfanyi mtu awe huru machoni pa FAFSA, hata angepanga nyumba yake. Kwa 2026–27 unahesabiwa huru kama umezaliwa kabla ya 1 Januari 2003, umeoa au umeolewa, unasoma shahada ya juu, una mtoto unayemtunza, umetumikia jeshi, au ulikuwa yatima au chini ya ulezi wa mahakama au serikali tangu ukiwa na miaka 13, pamoja na hali chache nyingine nzito kama kukosa makazi. Mshahara haumo kwenye orodha hiyo. Ukijaza kinyume, chuo kitakuomba ushahidi, msaada utasimama wakati muhula unaendelea, na ada itakuwa inadaiwa.

Sasa krediti 9, na hapa naomba unisikilize vizuri. Tangu 2024–25 Pell inapimwa kwa asilimia ya krediti 12. Krediti 12 ni asilimia 100, 11 ni 92, 10 ni 83, 9 ni 75, 6 ni 50. Ukishuka kutoka 12 hadi 9, Pell yako ya mwaka inashuka kutoka $7,395 hadi $5,546. Umepoteza $1,849, karibu $924 kila muhula, kwa kuacha somo moja. Linganisha na hofu ya baba: mshahara wako wote wa mwaka, katika hali mbaya niliyoipigia hesabu, ungegharimu $2,312. Somo moja linakaribia hapo peke yake, na linakugusa hata ukiwa chini ya mstari wa Pell kamili. Ruzuku nyingi za majimbo nazo hupungua au kukatika ukishuka chini ya krediti 12.

Shifti za usiku zina ubaya mwingine ambao hauonekani kwenye fomu. Ili kuendelea kupata msaada lazima uonyeshe maendeleo ya kitaaluma. Vyuo vingi vinadai wastani wa 2.0 na uwe umefaulu angalau asilimia 67 ya krediti ulizojiandikisha. Somo ulilojiondoa katikati na kupewa W linahesabiwa kama ulilolijaribu ukashindwa kulimaliza. Ukiandikisha 12 ukamaliza 8, umefika 66.7, na katika chuo kinachoshika asilimia 67 kwa ukali uko chini tayari. Anatomia na kemia si masomo ya kusomwa saa 2 asubuhi ukitoka kugeuza wagonjwa usiku kucha. Na ukilemewa ukaacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya Pell inarudishwa serikalini na chuo kinaweza kukudai wewe pengo lake. Mwambie msimamizi kwamba wakati wa muhula unabaki saa 20, na kwamba shifti za ziada unazitaka wiki za mapumziko ya Desemba na miezi ya kiangazi.

Zile $1,500 zichukue kama hazina sharti la kupunguza krediti. Msaada wa masomo kutoka kwa mwajiri hautozwi kodi hadi $5,250 kwa mwaka. Lakini, tofauti na mshahara, huo unahesabika kama msaada wa masomo, kwa hiyo iarifu ofisi ya misaada ya chuo kabla malipo hayajafika. Mara nyingi wanapunguza mkopo kwanza. Ukikaa kimya wakagundua baadaye, wanafumua hesabu nzima katikati ya mwaka.

Work-Study: hiyo $2,400 ni kikomo cha mshahara unaoweza kupata kwa kazi ya programu hiyo, haikatwi kwenye ada na haikujii usipofanya kazi. Kwa $12 kwa saa ni saa 200, kama saa 7 kwa wiki katika wiki 30 za masomo. Sifa yake kubwa ni kwamba kisheria mapato hayo hayaingii kwenye SAI, na kazi ya chuoni kwako wakati unasoma angalau nusu ya mzigo kwa kawaida haikatwi asilimia 7.65. Kwa mwanafunzi aliye juu ya mstari ningemwambia akimbilie. Kwako, unayelindwa tayari na AGI ya wazazi, $17 za nyumba ya wazee zinashinda. Ila kama saa 20 za CNA zitaanza kukuelemea, kubadilisha saa 7 kwa kazi ya maktaba yenye kiti ni ubadilishaji mzuri. Ukiifanya, tunza W-2 yake kando na uiambie ofisi ya misaada kiasi hicho kitolewe. Na kama familia inapata SNAP (msaada wa chakula), ujue kwamba mwanafunzi wa chuo huhitaji kazi ya wastani wa saa 20 kwa wiki, au kushiriki Work-Study, au sababu nyingine inayokubalika, ili yeye mwenyewe ahesabiwe. Usishuke hadi saa 18 bila kuuliza.

Akiba yako ya $3,800 haiangaliwi mkiwa kwenye Pell kamili. Wala haiangaliwi kama familia ilipata SNAP, Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) au WIC (msaada wa chakula kwa mama na watoto wadogo) katika miaka miwili iliyopita. Nje ya hapo, akiba ya mwanafunzi huhesabiwa asilimia 20, yaani $760 kwako, kwa salio la siku ile unayosaini fomu. Mwenye akiba na deni la ada alipe deni kwanza, kisha ajaze. Za bibi endelea kutuma kwa moyo mweupe, lakini hazipunguzi mapato kwenye kodi wala kwenye FAFSA.

Yamebaki makosa mawili ya kujaza ambayo yanaangusha familia nyingi kuliko mishahara. La kwanza: wewe na mzazi mmoja (kama wanajaza kodi pamoja, mmoja anatosha) kila mtu anafungua akaunti yake ya StudentAid.gov na kila mtu anakubali IRS, mamlaka ya kodi, ipeleke taarifa zake. Mmoja akikataa, au akisahau kusaini, hakuna SAI na hakuna Pell, hata mngekuwa hamna mapato kabisa. Msifungue akaunti ya baba kwa barua pepe yako.

La pili ni kodi yako ya 2025, utakayojaza mwanzoni mwa 2026. Utapokea W-2, kisanduku 2 kinaonyesha kodi ya mapato iliyokatwa, na kwa kiwango chako sehemu kubwa huenda ikarudi. Kwenye 1040 weka alama kwamba kuna mtu anayeweza kukuhesabu kama mtegemezi. Wanafunzi huipita alama hiyo kwa haraka, kodi ya baba inakataliwa kwa njia ya kompyuta, na nafuu ya kodi ya elimu ambayo hufika $2,500 inaanza kugombaniwa. Kaeni mezani pamoja, baba ajaze kwanza.

Na ikitokea 2027 mmoja wenu ameshapoteza saa au kazi iliyoonekana kwenye kodi ya 2025, msinyamaze. Pelekeni ofisi ya misaada karatasi ya mwisho ya mshahara na barua ya mwajiri, mwombe hesabu ifanywe upya kwa mapato ya sasa. Wana mamlaka ya kisheria ya kufanya hivyo kwa kila mwanafunzi peke yake.

Leo jioni chapisha kodi ya wazazi ya 2024, weka kidole kwenye mstari wa 11, andika pembeni $64,015, mpe baba.

Shangazi